Barua zinaendelea kwenda kwa sekretere wa zamani: namna ya kufuata anwani iliyobadilika

Msimu huu swali moja limefika kwenye biro yetu kuliko hata maswali ya mbolea. Koperative imebadilisha anwani yake ya barua pepe. Imejulisha umoja wake. Umoja umejibu: "Ni sawa, tumekwisha kubadilisha." Lakini barua za mununuzi, za benki, za wale wenye kutoa setifika ya bio, zinaendelea kuingia kwenye sanduku la zamani, kwa sekretere ambaye hayuko tena kwenye kazi. Wengine wanasema koneksio ni mbaya. Wengine wanasema kuna mtu kule mjini anawafanyia fitina. Tumefuata kesi kadhaa tangu mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi hakuna fitina yoyote. Anwani ya zamani ingali inaishi mahali fulani, katika nakala ambayo hakuna mtu aliyeifikiria.

Hapa tunaeleza namna ya kuitafuta mpaka muipate. Sehemu ingine itawafaa zaidi wale wenye kushika ordinatere ya koperative ao ya umoja. Lakini prezida na wanakomite wasiruke kurasa, sababu mbele kidogo habari hii inafika kwenye franga.

Barua iliyolala siku 19

Tuchukue koperative moja ya kahawa katika teritware ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Jina lake tunaliacha, wenyewe watajitambua. Sekretere wa kwanza ndiye aliyefungua anwani ya barua pepe, kwa jina lake mwenyewe, na namba yake ya telefone kama namba ya usalama. Alipopata kazi Kolwezi, alirudisha kashe, madaftari na funguo za depo. Sanduku la barua pepe halikuandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano. Nani angelifikiria? Halionekani, halina ufunguo wa chuma.

Mama aliyechukua nafasi yake alifungua anwani mpya, kwa jina la koperative mara hii, na akaijulisha kwa umoja kule Bukavu. Ni kazi nzuri. Mwezi wa tano eshantiyo ya kahawa ilikwenda kwa mununuzi wa Ulaya. Mununuzi aliionja, akaipenda, lakini akaandika kwamba unyevu umepita kiasi: muikaushe tena, mulete eshantiyo ingine kabla sijaweka sinyatire. Barua hiyo ililala siku 19 kwenye sanduku la zamani. Ya pili, ya kukumbusha, nayo ikaenda kule kule.

Wakati huo loti ilikuwa inangoja: magunia 320 ya kilo 60, ndiyo tani 19.2, kontena moja nzima. Kila mwanachama anajua kahawa inayongoja kwenye depo karibu na ziwa, wakati mvua haijakatika, inafanya nini. Tunataka unyevu ubaki kati ya 10 na 12 kwa mia. Kahawa yenyewe inavuta maji ya hewa bila kuomba ruhusa. Bei nayo inafuata soko la New York, na soko hilo halingojee mtu. Loti ilitoka, lakini kwa kuchelewa, na malipo ya pili yakapita mwezi wa tisa. Wazazi wenye kulipa minerval wanajua maana yake.

Kitu kilichofanya jambo hili liwe gumu ni ukimya. Barua hazikurudi. Anwani ikiwa imekufa, programu ya mununuzi ingelirudisha barua na maelezo, na angelijua siku ile ile. Lakini sanduku la zamani lilikuwa wazi, lilipokea kila kitu vizuri, na mwenye nalo alikuwa halifungui tena. Kwa hiyo mununuzi alifikiri koperative imemnyamazia, na koperative ikafikiri mununuzi ameipata kahawa ya bei nafuu pengine.

Kabla ya kulaumu mtu, jaribuni mara mbili

Kuna majaribio mawili ya kugawanya shida. Yanachukua dakika kumi kwa telefone.

La kwanza: mupigie mununuzi (ao yeyote ambaye barua zake hazifiki) mumuombe aandike barua fupi kwenye anwani mpya, akiiandika kwa vidole vyake, herufi kwa herufi, bila kuchagua jina kwenye orodha. Ikifika, sanduku lenu ni zima. Shida iko kwenye kitabu chake cha anwani. Isipofika, msihangaike na vitabu kwanza, tengenezeni sanduku.

La pili: mumuombe aanze kuandika jina la koperative kwenye nafasi ya anwani, kisha awasomee ile inayojitokeza yenyewe. Asome yote, pamoja na nukta. Mara nyingi hapo ndipo watu wanacheka, sababu anasoma anwani ya zamani huku anaapa kwamba amekwisha kubadilisha.

Na kama barua inarudi, musifute ujumbe wa kurudi. Ndani yake kuna namba tatu zenye nukta katikati. Ikianza na 4, ni shida ya muda, programu itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, imekataliwa. 5.1.1 inasema anwani hiyo haipo. 5.2.2 inasema sanduku limejaa. Hii ya mwisho tunaiona sana kwa koperative zenye kutuma picha za mashamba: Google inatoa gigabaiti 15 za bure, lakini barua, picha na fishie zote zinagawana nafasi hiyo moja.

Chanzo na robine

Watu wengi wanafikiri kuna kitabu kimoja cha anwani, mahali fulani, na wote wanasoma humo. Sivyo. Umoja uko na kitabu chake. Shirika la misaada liko na chake, kinachopata majina kutoka kwa umoja kila usiku. Mununuzi yuko na chake, na majina yake yanatoka kwa umoja vilevile, labda mara moja kwa juma. Katikati ya vitabu hivi inapita programu yenye kuchukua mabadiliko huku na kuyaandika kule. Mafundi wanaita kazi hiyo sinkronizasio. Sisi tutasema kulinganisha vitabu.

Jambo la kwanza la kuuliza ni maji yanatoka wapi kwenda wapi. Kwenye maji ya bomba ya kijiji kuna chanzo mlimani, kuna tanki, kuna robine. Maji yakiwa machafu kwenye chanzo, unaweza kuchuja ndoo yako kwenye robine, lakini kesho robine italeta tena yale yale. Ndivyo ilivyokuwa kwa mununuzi wa mfano wetu. Mfanyakazi wake alirekebisha anwani kwa mkono, katika nakala yake. Juma lilipoisha, programu ilipita, ikakuta nakala haifanani na chanzo, ikafanya kazi yake: ikafuta anwani mpya na kurudisha ya zamani. Akarekebisha tena. Ikarudi tena. Alisema, "Inajirudisha yenyewe," na kwenye kijiji watu wangelitafuta mganga.

Kwa hiyo: badilisheni kwenye chanzo, hapana kwenye nakala. Na kama hamjui chanzo ni kipi, ulizeni umoja swali hili kwa maneno haya: "Ni kitabu gani ambacho programu haiwezi kukibadilisha, isipokuwa mtu?" Hicho ndicho chanzo.

Lakini umoja ulikuwa umesema umebadilisha. Na ni kweli, ulibadilisha. Shida ni kwamba koperative ilikuwa imeandikwa mara mbili kwenye kitabu kimoja: mara ya kwanza kwa jina la koperative, mara ya pili kwa jina la yule sekretere, tangu siku za mafunzo ya zamani. Umoja ulirekebisha mstari wa kwanza. Programu ilikuwa inapeleka kwa mununuzi mstari wa pili.

Daftari ya mizani inaandika namba

Hapa tukae kidogo, sababu ni hapa kesi nyingi zinazaliwa.

Kwenye stasio ya kuosha kahawa, daftari ya mizani haiandiki "Furaha" peke yake. Kuna Furaha wangapi kwenye kilima kimoja? Inaandika namba ya mwanachama, kisha jina, kisha kilo. Furaha akiolewa na kuhamia ngambo ya pili, ao akichukua jina la ubatizo, kilo zake hazipotei, sababu namba haijabadilika.

Programu ya kulinganisha vitabu inahitaji namba ya namna hiyo. Bila hiyo haiwezi kujua kwamba mstari huu wa kitabu cha umoja ndio mstari ule wa kitabu cha mununuzi. Basi watu wenye haraka wanafanya nini? Wanachagua anwani ya barua pepe yenyewe iwe namba. Inafaa kabisa, siku zote, mpaka siku ile anwani inabadilika. Siku hiyo programu haioni koperative iliyobadilisha anwani. Inaona mgeni amefika. Inamfungulia mstari mpya, na mstari wa zamani unabaki pale pale, na jina lile lile. Mununuzi anapoandika herufi tatu za kwanza anaona majina mawili sawasawa. Atachagua lipi? Ile anaizoea.

Ukikuta koperative moja imeandikwa mara mbili katika nakala, na mara moja tu kwenye chanzo, usitafute mbali. Umepata ugonjwa.

Dawa ni kufunga kila mstari kwa kitu ambacho hakibadilike. Koperative zilizosajiliwa kufuatana na sheria ya OHADA juu ya koperative, ile iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ziko na namba katika rejista ya koperative. Congo imo ndani ya OHADA tangu 2012, kwa hiyo koperative nyingi zimekwisha kupata namba hiyo, na wengine wameitundika kwenye ukuta wa biro bila kuitumia. Itumieni. Zile ambazo hazijapata zichukue kodi ya umoja. Musitumie jina la prezida, wala namba ya telefone: telefone zinapotea, na kampuni inaweza kumpa mtu mwingine namba iliyolala muda mrefu.

Kuna shida ya nukta pia. Kwa Gmail, nukta ndani ya jina haina maana: anwani yenye nukta na ile isiyo na nukta zinaingia sanduku moja. Lakini programu ya kulinganisha vitabu haijui hivyo. Kwake ni anwani mbili, watu wawili. Kubalianeni juu ya namna moja ya kuiandika, na muishike.

Fishie ya Excel iliyoharibika njiani

Kwa umoja mwingi hakuna programu ya bei kubwa. Kuna fishie moja ya Excel yenye kutumwa kila mwezi, na mtu mmoja wa kuipokea na kuiingiza. Hiyo nayo ni kulinganisha vitabu, na inaharibika kwa njia zake.

Excel ya kifaransa, ile karibu sisi wote tunayo, ikihifadhi fishie ya aina ya CSV inatenga nguzo kwa nukta-mkato. Programu nyingi za ngambo zinangoja mkato wa kawaida. Matokeo yake mstari mzima unaingia kwenye nguzo moja, anwani inaangukia mahali pa jina, na programu inayaruka bila kusema kitu. Vilevile Excel ikiona namba ya telefone inayoanza na sifuri inadhani ni hesabu, inakata ile sifuri. Andikeni namba kwa +243 na muweke nguzo hiyo kuwa maandishi kabla ya kuandika lolote. Majina yenye alama za kifaransa juu ya herufi yanageuka kuwa vichekesho kama fishie haikuhifadhiwa kwa UTF-8.

Na nafasi tupu mwishoni mwa anwani! Mtu amenakili anwani kutoka WhatsApp, ameshika na nafasi moja nyuma yake. Kwa macho hauioni. Programu inaiona, inasema anwani hii si sawa, inaikataa na kubaki na ya zamani. Tumekuta umoja mmoja umehangaika siku tatu juu ya nafasi hiyo.

Mukiandikiana na mashirika makubwa

Sehemu hii muipelekee fundi wa shirika ao wa mununuzi, kama majaribio ya juu yameonyesha kwamba shida iko kwake. Musione haya kumwambia fundi pa kutazama. Mgonjwa naye anamwambia daktari pa kushika.

Katika mashirika yenye kutumia barua za Microsoft, mtu mmoja ao koperative moja inaweza kuwa na anwani nyingi katika orodha inayoitwa proxyAddresses. Kila anwani inaanza na neno SMTP. Ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa ndiyo ya kwanza, ndiyo inayoonekana kwa wote. Zile zenye smtp ya herufi ndogo ni za pembeni. Fundi akiongeza anwani mpya kwa herufi ndogo na kuacha ya zamani na herufi kubwa, atakuwa ameongeza, hajabadilisha. Kitu kidogo hivyo.

Kisha kuna anwani inayoonyeshwa na anwani ambayo barua inatumwa kweli. Mtu wa nje aliyeandikwa katika kitabu cha shirika ana sehemu inayoitwa targetAddress, na hiyo ndiyo inayofuatwa. Kuna programu zenye kurekebisha ile inayoonyeshwa na kuacha targetAddress vile ilivyokuwa. Hapo mfanyakazi anaona anwani mpya kwenye skrini yake, barua inaenda ya zamani, na hakuna mtu anayemwamini.

Sababu nyingine: anwani moja haiwezi kushikwa na mistari miwili ndani ya shirika moja. Kama mradi wa zamani ulikwisha kuandika anwani yenu mpya mahali pengine, labda kwenye orodha ya washiriki wa mafunzo, programu inakataa mabadiliko na kuandika kosa kwenye rapoti yake. Rapoti iko, wa kuisoma hayuko. Mumuombe fundi atafute anwani mpya katika kitabu chote, wafu pamoja na wazima, kabla ya kujaribu tena.

Na muda. Programu ya Microsoft yenye kupeleka mabadiliko kutoka mashine za shirika hadi kwenye mtandao wake, kwa kawaida inapita kila dakika 30. Lakini Outlook kwenye kompyuta ya mfanyakazi inashika nakala ya kitabu na kuipakua upya kwa kawaida mara moja kwa saa 24. Mtu akibadilisha asubuhi na kulalamika saa sita, hajangoja. Mungoje siku nzima, ndipo museme imeshindikana.

Kumbukumbu ya vidole

Hata vitabu vyote vikifanana, kuna nakala moja ambayo hakuna programu ya kulinganisha inayoigusa: ile ya programu ya barua yenyewe, yenye kukumbuka kila anwani uliyopata kuandikia. Ukianza herufi mbili, inamalizia. Si kitabu cha anwani. Ni mazoea tu, na mazoea hayafutwi na umoja. Kwa Outlook, anwani ya zamani ikijitokeza, kuna alama ya X pembeni yake. Mtu aibonyeze, imekwisha. Kwa Gmail, mara nyingi inatoka katika watu wa kuandikia ambao Google imewahifadhi yenyewe. Watafutwe humo na kuondolewa.

Kuna pia kujibu juu ya barua ya zamani. Mununuzi anafungua mazungumzo ya mwaka jana, anabonyeza kujibu wote, na sekretere wa zamani anaingia tena kwenye biashara. Mumuombe aanze barua mpya, na kichwa kipya, baada ya kubadilisha.

Katika mashirika yenye kutumia Exchange, jambo hili lina ncha moja zaidi. Ndani ya shirika, Outlook haikumbuki anwani munayoiona, inakumbuka jina la ndani la sanduku. Sanduku likifutwa na kuundwa upya, hata kwa anwani ile ile, jina la ndani ni lingine, na barua zinarudi na neno refu linaloanza na IMCEAEX. Fundi anaweza kuongeza lile jina la ndani la zamani kwenye sanduku jipya kama anwani ya aina X500. Baada ya hapo barua zinapita.

Wezi wanapenda siku za kubadilisha

Tunafika kwenye franga. Barua yenye kusema "tumebadilisha anwani" ni barua ambayo mwizi naye anaweza kuandika. Anasoma kwa siri sanduku ambalo neno lake la siri limetoka nje, anangoja kontena ipakiwe, kisha anaandikia mununuzi: anwani yetu ni hii sasa, na akaunti ya benki ni hii. Katika rapoti ya FBI ya Marekani ya mwaka 2023 peke yake, wizi wa namna hii uliandikwa kwa hasara iliyopita dola miliardi 2.9. Wengi walioibiwa walikuwa na ordinatere nzuri kuliko zetu.

Anwani ya mwizi inafanana na yenu. Herufi r na n zikikaribiana zinaonekana kama m. Namba 1 inachukua nafasi ya l. Kwenye telefone ndogo, juani, nani ataona?

Kwa hiyo musikubali, na musiwaombe wengine wakubali, mabadiliko kwa barua pepe peke yake. Hata barua iliyotoka kwenye anwani ya zamani si ushahidi, maana labda ndiyo iliyoibiwa. Mwenye kupokea mabadiliko apige telefone, kwa namba aliyokuwa nayo zamani, hapana ile iliyoandikwa ndani ya barua. Asikie sauti anayoijua. Na koperative itume karatasi yenye sinyatire mbili, ya prezida na ya mweka hazina, na kashe. Anwani na akaunti ya benki zisibadilishwe kwa karatasi moja. Umoja mmoja tunaoujua unakataa kabisa kupokea mabadiliko yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Kuna waliolalamika kwamba ni urasimu. Sisi tunaona ni akili.

Sanduku la zamani musilifunge mapema

Wengi wanafurahi kulifunga siku ile ile. Hapana. Liache wazi msimu mzima, lakini lipeleke barua zake zote kwenye anwani mpya. Gmail inaruhusu: unaandika anwani ya kupelekea, Google inatuma kodi kwenye anwani hiyo mpya, unaithibitisha. Lazima sekretere wa zamani awepo, ao awe kwenye telefone, sababu neno la siri na namba ya usalama ni vyake. Katika kesi ya Kalehe alikubali bila shida. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Siku hiyo hiyo namba ya usalama ya sanduku jipya iliwekwa kuwa ya telefone ya koperative, ile inayobaki kwenye biro, na neno la siri likaandikwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la pesa.

Kila barua inayopita kwa njia ya zamani ni habari pia. Inaonyesha nani bado ana nakala mbaya. Mama sekretere wa Kalehe alifanya orodha: benki, watu wa setifika, mradi mmoja wa zamani wa miche, na msafirishaji wa Bukavu. Akawapigia mmoja mmoja. Kwa mununuzi, umoja uliondoa ule mstari wa jina la sekretere, mwingine ukafungwa kwa namba ya rejista, na programu ilipopita juma lililofuata, anwani mpya ilibaki.

Musiache sanduku lisiloingiwa na mtu, hata kama linapeleka barua. Google inaweza kufuta akaunti ambayo hakuna aliyeiingia kwa miaka 2. Koperative zenye kufungua barua wakati wa msimu tu, kisha zikapumzika msimu mmoja kwa sababu ya usalama barabarani ao mavuno mabaya, zinaweza kukuta hakuna kitu. Mtu aingie mara moja kila miezi mitatu, siku ya mkutano wa komite kwa mfano, na iandikwe kwenye ripoti ya mkutano kwamba aliingia.

Tumetengeneza karatasi moja ya kujulisha mabadiliko: namba ya rejista ao kodi ya umoja, anwani ya zamani, anwani mpya kwa herufi kubwa za kusomeka, tarehe ya kuanza, namba ya telefone ya kuthibitisha, sinyatire mbili, nafasi ya kashe. Nyuma yake kuna orodha ya wale wanaopaswa kuipata, na nafasi ya kuandika siku ambayo kila mmoja amesoma anwani mpya kwa sauti kwenye telefone. Iombeni kwa ajenti wetu wa eneo lenu. Kwa wale wa Idjwi, zitavuka na bato ya siku ya soko.